Wimbo wa Homa ya Notburga

Haya alinisimulia bibi yangu Notburga, majira ya baridi yale aliyovunjika nyonga, nikimmenyea matufaa karibu na jiko. Mtoto katika habari hii ni yeye mwenyewe.

Baba yake, Vinzenz, alikuwa mtunzi na mpiga kinanda wa kanisa letu. Mama yake, Kreszenz, ndiye aliyeongoza sauti ya kwanza kwayani. Notburga aliposhikwa na ndui, wazazi wakapiga magoti mbele ya Mama Maria wakaweka nadhiri: mtoto akipona, Vinzenz atatunga misa ambayo hakuna mtu aliyewahi kuisikia, nayo itaimbwa yote sikukuu ya Kupashwa Habari Bikira Maria. Kando ya kitanda, mtoto akiwaka homa, baba akaanza kuimba wimbo mpya taratibu.

"Huu utakuwa Mwanakondoo wa Mungu, wimbo wa mwisho wa misa yangu," alisema.

Mtoto akapona. Utukufu ukaandikwa, Nasadiki na Mtakatifu pia. Mwanakondoo tu ndio haukwisha. Kreszenz akiuliza, jibu lilikuwa lile lile.

"Haujakaa sawa, mama Notburga. Misa si unga wa kukanda."

Siku za ngoma kabla ya Kwaresima, mama akampeleka Notburga ukumbini kutazama wachezaji. Mtoto alikuwa anakula andazi la jamu, akaacha kutafuna.

"Mama, ule si wimbo wa homa yangu?"

Ulikuwa ule ule, umetiwa mwendo wa kuchezea, viatu vinagonga sakafu. Mpiga fidla akamkonyeza Kreszenz.

"Mumeo fundi, Bi Kreszenz. Binti wa baroni, yule bwana mwenye mashamba yetu, tangu Krismasi hataki mwingine."

Nyumbani alimkuta mumewe anachonga kalamu.

"Umempa baroni wimbo wa Maria."

"Nimemwazima tu. Atanisemea mjini Linz, nipate kwaya ya maana."

"Ya maana. Sisi tunaokuimbia ni mbuzi?"

"Basi nitaandika mwingine."

"Huo mwingine haukuwa kitandani kwa mtoto."

Vinzenz akacheka kidogo. "Unadhani Mama Maria anaona wivu wa ngoma?"

Kreszenz akaenda kumlaza mtoto.

Vinzenz hakuandika mwingine. Siku ya sikukuu aliwagawia wanakwaya ule ule, ameupunguza mwendo. Waliimba vizuri mpaka Mtakatifu. Kinanda kilipoanza Mwanakondoo, Kreszenz akafumba mdomo. Wanawake wakamtazama, nao wakafumba. Vinzenz akarudia mwanzo, kisha akainua mikono toka kinandani. Padri akayasema maneno kwa sauti yake kavu, misa ikaendelea. Ile misa ya Vinzenz, tangu siku hiyo, haijapata wimbo wake wa mwisho.

Jioni walikunywa supu. Baba akalala akiuelekea ukuta. Mama akaketi kitandani kwa Notburga, kiganja kwenye paji la uso wake.

"Sina homa, mama."

"Najua. Lala."

Bibi alisema alisinzia akikihisi kile kiganja kinapima, kinapima tena. Alfajiri alikikuta bado kipo pale, na mama yake amelala ameketi.