Kalenda ya Msalani Inabaki

Binti yangu Marrit na mumewe Tjeerd walikuja kukaa darini kwetu kwa miezi mitatu. Mwaka wa pili ulipoingia nikaacha kuhesabu. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe; mimi jembe nilishalitoa zamani, na bado kila asubuhi nilivikuta viatu vya Tjeerd, namba arobaini na saba, katikati ya ukumbi. Cherehani yangu ilikuwa imefukuzwa hadi kando ya mashine ya kufulia. Nawapenda, msinielewe vibaya. Lakini Marrit alikuwa na mimba ya miezi sita, na darini kwetu mtu mzima anasimama wima mahali pamoja tu, katikati kabisa.

Walikuwa wametoa ofa kwa nyumba tisa hapa Zwolle, Uholanzi, na kuzikosa zote. Kila mara alitokea mtu mwenye fungu nono zaidi. Tulipoikosa ya tisa Marrit hakulia tena. Alikwenda kukunja nguo kimya kimya, na hilo ndilo lililoniuma.

Ya kumi ilikuwa ng'ambo ya mfereji, katika mtaa mpya: nyumba nane ukuta kwa ukuta, sola paa zima, madirisha ya vioo vya tabaka tatu, na hakuna bomba la gesi hata moja. Hapo ndipo mume wangu Harm alipokunja uso. Amefunga boila za gesi za kupasha nyumba joto miaka thelathini na minane.

"Nyumba bila gesi," aliniambia njiani, tukikanyaga pedali kupambana na upepo, "ni baiskeli bila mnyororo."

"Mzee, tafadhali. Tukifika usiguse kitu."

"Na wewe usiseme kitu."

"Mimi? Lini mimi nimesema kitu?"

Akakanyaga pedali kwa nguvu zaidi.

Dalali, kijana wa viatu vilivyochongoka, alikuwa akimpa kila mnunuzi robo saa. Kwa kawaida mwenye nyumba hutoka akatembee, watu wapate kuisema nyumba yake kwa uhuru. Huyu hakutoka. Aliitwa Bi Alie, mama wa umri wangu, amekaa dirishani na kikombe cha kahawa, mgongo umenyooka.

"Leo sitoki," alisema. "Nyie tazameni tu."

Tukatazama. Sakafu ilikuwa na uvuguvugu hadi kwenye kona, na nje mti wa jirani ulikuwa ukipigwa na upepo bila sisi kusikia lolote. Harm alitokomea kwenye kabati la pampu ya joto, ile mashine ya umeme inayoshika nafasi ya boila. Juu, kwenye chumba kidogo cha nyuma, Marrit aliweka kiganja ukutani.

"Mama, kitanda cha mtoto kitakaa hapa."

Nikajua kwisha habari yake, ameshahamia. Nikaogopa kweli, maana ya kumi tukiikosa sikujua tutamwokota vipi.

Kukagua nyumba ya mtu hakuendi na kuomba choo. Mtu hujibana. Lakini mimi nina miaka sitini na sita na nilikuwa nimepigwa na upepo kilomita nne. Nikaingia.

Kalenda ya siku za kuzaliwa ilikuwa imetundikwa mbele ya macho ya aliyekaa, kama ilivyo katika kila choo cha kwetu. Hakuna mtu mstaarabu anayekaa pale asiisome. Ilikuwa na majina mengi, na baadhi, kama desturi, yalikuwa na msalaba mdogo mbele yake, ndio waliotutoka. Nikatafuta tarehe ya leo. Kumi na nne Machi: *Wiebe*. Mwandiko mnene wa bluu, hakuna msalaba.

Kumbe! Ndiyo maana hakutoka. Bila shaka ni mumewe, leo anaongeza mwaka, na sisi tunapita pita juu ya zulia lake bila hata hongera! Kwetu siku ya kuzaliwa ya mtu hupongezwa ukoo mzima, hadi jirani aliyekuja kuazima ngazi. Nikanawa mikono haraka, nikaenda moja kwa moja dirishani, nikamshika mkono.

"Hongera Bi Alie! Hongera kwa siku ya Wiebe! Yuko wapi mwenyewe tumpe mkono?"

Dalali akavitazama viatu vyake.

"Wiebe alifariki," alisema Bi Alie. "Novemba ya mwaka juzi."

Ulimi hauna mfupa, na wangu ndio kabisa. Nikamtazama Marrit, aliyekuwa ameshuka ngazi, naye alikuwa ameshaanza kuiaga nyumba kwa macho. Nilitamani sakafu ile, na mabomba yake yote ya moto, inimeze.

Harm akatoa kichwa kabatini. "Tulikubaliana usiseme kitu."

Lakini Bi Alie hakuuachia mkono wangu. "Umesoma kalenda."

"Nimesoma. Nisamehe, dada. Hakukuwa na msalaba."

"Msalaba umenishinda. Mara mbili nimeshika kalamu, mara mbili nimeirudisha." Akashusha pumzi. "Wanangu wawili hawajapiga simu tangu asubuhi, wanaogopa kunitonesha kidonda. Jirani kanipungia kwa mbali, utadhani nina mafua. Leo kila mtu analizunguka jina la Wiebe kama dimbwi la maji. Wewe umelikanyaga tu, chubwi!"

"Samahani sana ..."

"Samahani ya nini? Kuna keki kwenye friji. Niliinunua, halafu nikaona haya kuikata peke yangu." Akamgeukia dalali. "Wewe kijana, vuta viti."

"Bi Alie, wateja wengine wanakuja baada ya dakika tano ..."

"Basi vuta viti vya kutosha."

Tukakaa kwa duara, kama sheria ya siku ya kuzaliwa inavyotaka, kila mtu na kipande kimoja cha keki mapajani. Harm alikuja wa mwisho, magoti yana vumbi.

"Bi, mumeo alikuwa fundi?"

"Mwalimu wa jiografia."

"Basi alipotea njia. Kila bomba mle ndani ameliandikia jina lake na linakokwenda. Miaka thelathini na minane sijaona kabati safi kama lile." Akala keki. "Hata kama halina gesi."

Bi Alie akaanza kutusimulia habari za Wiebe. Kengele ikalia katikati ya hadithi. Wakaingia wateja wengine, mume na mke vijana, wapole. Walipoona duara na keki, malezi yakawatangulia akili: wakazunguka wakitupa mkono mmoja mmoja. "Hongera. Hongera. Hongera." Hata dalali alipongezwa, akajibu, "Ahsante sana." Bi Alie alicheka mpaka kahawa ikamwagika.

Njiani Marrit aliendesha baiskeli mbele peke yake. "Ilikuwa keki nzuri, Mama," ndilo neno pekee aliloniambia. Siku ya mwisho ya kupokea ofa wakatuma yao, senti yao ya mwisho ikiwa ndani.

Jumatatu dalali akapiga simu, Marrit akaiweka spika. Zimebaki ofa mbili, akasema, na ile nyingine ni kubwa kuliko yenu. Nikaona bega la binti yangu likishuka.

"Ila Bi Alie ana swali kwa wote wawili," akaendelea. "Ile orodha ya vitu vinavyobaki na nyumba, mapazia, sola, sanduku la barua ... ameongeza kwa mkono: kalenda ya msalani inabaki kwenye msumari wake. Anasema Wiebe ndiye aliyeupigilia, na kule anakohamia, kwa dada yake mjini Deventer, ipo tayari kalenda ya dada yake. Wenzenu wameuliza kama wanaweza kuitundika stoo."

Marrit hakufikiri hata kidogo. "Stoo? Nani atamkumbuka mtu stoo? Ibaki hapo hapo. Ila muulize yeye kazaliwa lini, maana jina lake halimo."

Dalali alikohoa. Akasema atapiga tena.

Alipiga Jumatano. Tulikuwa mezani, na kabla hajamaliza sentensi Tjeerd alishapanda ngazi mbio, akaruka kwa furaha darini na kugonga kichwa kwenye boriti. Mimi nililia kwa sauti bila haya, na Harm akasema ni vitunguu.

Mjukuu wetu Fenna alizaliwa Juni, akalala pale pale mama yake alipoweka kiganja. Siku hizi viatu vya Tjeerd navikuta katikati ya ukumbi wao wenyewe, naviruka nikiimba.

Machi iliyofuata, tarehe kumi na nne, Bi Alie alikuja kwa treni na keki. Wanawe wawili walikuja pia. Viti vikawa duara. Kabla ya kukatwa keki aliomba kwenda msalani, akakawia, na hakuna aliyesema kitu, hata mimi. Alitoka macho mekundu, uso umetulia, akanikabidhi kalamu ya bluu.

Nikaingia baada yake. Mbele ya jina la Wiebe palikuwa na msalaba mdogo, mistari imenyooka.

Nikatoka, nikampa mkono kama mwaka jana. "Hongera kwa siku ya Wiebe, Alie."

"Ahsante," akasema. "Haya, kateni keki, watu wana njaa."