Vidonge Kwenye Makopo ya Vifungo

Doa la damu ndilo lililoniambia. Nilikuwa nakunja pindo la gauni jeupe la bibi harusi, nikaona kitone chekundu kwenye kitambaa. Kugeuza kidole, sindano imezama, na mimi sina habari. Fundi cherehani asiyeisikia sindano amebaki na nini?

Ganzi ilianza miezi miwili nyuma, kwenye nyayo, kisha ikaingia vidoleni. Wakati huo tayari nilikuwa nameza vidonge vya nguvu, maana kukaa kwenye cherehani kutwa si mchezo, na vingine vya vitamini mchanganyiko. Wifi yangu akanionea huruma, akaniletea vya mishipa ya fahamu. Ganzi ilipozidi, nami nikazidisha. Dawa ya moto ni moto, nikasema, nikawa nameza viwili viwili vya kila aina, asubuhi na jioni. Wifi aliponisihi nikaulize kwanza, nilimfokea kwamba hizo ni vitamini, si sumu, aniache na kazi zangu.

Na sisi mafundi mnatujua. Kila kitu kina kopo lake: vifungo vyeupe huku, vyeusi kule. Vidonge navyo nilivimimina makoponi kwa rangi, chupa nikazitupa.

Siku ya doa wifi hakunisihi tena. Alinishika mkono hadi duka la dawa. Mfamasia akauliza chupa ziko wapi, nikainamisha kichwa kwa aibu. Wifi, ambaye hatupi kitu, akafungua mkoba. Kumbe aliziokota zote, eti za kuwekea mbegu. Akazipanga juu ya kaunta, maandishi mbele. Mfamasia akapita na kalamu, akazungushia neno lilelile kwenye chupa zote tatu: vitamini B6. Kisha akajumlisha, akanitazama.

"Mama, hii ikizidi kwa muda mrefu huumiza mishipa hiyohiyo unayoitibu."

Yaani nilikuwa najimaliza mwenyewe, tena kwa bidii. Nikauliza kama vidole vitarudi. Akasema niache vidonge vyote leo, nikamwone daktari anipime. Wengi hupata nafuu polepole, lakini hatanidanganya, wengine ganzi haiishi yote.

Daktari akasema hivyohivyo. Wiki za mwanzo ganzi ikapanda badala ya kushuka, na gauni likamaliziwa na fundi mwingine. Kila asubuhi nilijidunga pini vidole vyote kumi, macho pembeni, nikisubiri maumivu. Hayakuja. Ikafika mahali naogopa kuamka.

Asubuhi moja, mwezi wa nne tangu niache vidonge, nilianza na gumba la kulia, kama kawaida, nikaruka kitini. Wifi akaja mbio kuuliza kuna nini.

"Imeniuma," nikamwambia, machozi yananitoka. "Wifi, pini imeniuma."

Akakaa karibu yangu, akaniambia niendelee. Nikaendelea, kidole baada ya kidole. Vile tisa vilikuwa kimya.