Lemonia Si Mti

Bi Evdokia alimfungulia mlango mtu ambaye yeye mwenyewe alikuwa akimlaani kila Jumamosi kwa miaka mingi, na hakujua.

Aliyesimama barazani alikuwa mama mrefu, nywele za mvi zimemtimka, akamwamkia kwa Kigiriki cha vitabuni, kile ambacho hakuna mtu hapo Oakleigh, mtaa wa Wagiriki jijini Melbourne, anayekitumia hata kanisani. Alijitaja kuwa Hester Pascoe, mfasiri wa mashairi. Alikuwa ameshapiga simu: alitaka kuyaweka mashairi ya marehemu Stamatis, mume wa Evdokia, katika Kiingereza, na bila ruhusa ya mjane asingeweza kuchapisha hata mshororo mmoja.

Evdokia alimkalisha jikoni, akabandika kahawa. Hester akaliona gazeti la Jumamosi mezani, limefunuliwa kwenye fumbo la maneno, visanduku vimekwaruzwa hadi karatasi imetoboka.

"Umekwama wapi, mama?"

"Usiniulize! Huyu mtunzi anajiita Nungunungu. Sijui alizaliwa na mama gani. Siku nikimtia mkononi!"

Hester akakohoa. "Mama yangu alikuwa mwalimu wa kwaya, mjini Ballarat."

Evdokia alimkodolea macho. Kisha akamchapa begani kwa kitambaa cha vyombo. "Shetani wewe! Unanikosesha usingizi miaka yote hii, halafu unakuja kunywa kahawa yangu?" Akamsogezea sahani nzima ya biskuti.

Maana, laana zile zilikuwa heshima. Kiingereza chake chote Evdokia alikiokota kwenye mafumbo ya Nungunungu, akiwa nyuma ya kaunta ya duka lao la samaki na chipsi, mafuta yakimrukia mikononi. Hayakuwa mafumbo ya mchezo. Ni kama uambiwe paa, ukatazama juu, kumbe ulitakiwa utazame mbugani. Alisonya, akatukana, na kila alipolipata jibu alikiri kwamba mtunzi yule ana kichwa. Aliyemfundisha kwamba neno moja linaweza kuvaa sura mbili ni huyo huyo. Mumewe hakumfundisha. Mumewe alikuwa chumba cha nyuma akiandika, na mlango umefungwa.

Wakaanza kuyapitia mashairi, wakafika kwenye shairi la mishororo saba, lile ambalo Wagiriki wa Melbourne hulisoma kwenye harusi. Herufi za mwanzo, ukizisoma kwenda chini, hutoa neno Lemonia. Nalo kwa Kigiriki ni mlimau, na pia ni jina la mwanamke.

"Nahitaji kujua ni lipi," Hester alisema. "Nikikosea hapo, nimekosea kote."

"Mti. Huo hapo uani. Kila mtu anajua."

Hester alichungulia dirishani, akanywa kahawa, akasema taratibu, "Alipoliandika mlikuwa mkiishi juu ya duka, bado hamna ua. Mlimau mliupanda wapi, mama, kwenye karai?"

Evdokia alitaka kumfukuza. Badala yake akaketi. Jambo hili hakuwahi kumwambia mtu, hata padri.

"Lemonia ni binti wa kijijini kwetu. Stamatis alimtaka huyo, wazazi wa binti wakamnyima. Mimi nikaletwa kwa meli, na picha ya Stamatis mkononi ili nimtambue bandarini. Mlimau niliupanda mimi mwenyewe baadaye, ili watu wawe na la kusema." Akafuta meza isiyo na uchafu. "Chapisha mengine yote. Hilo liache."

"Ndilo bora kuliko yote."

"Unadhani silijui? Ningekuwa naliona baya lingeniuma nini?"

Hester hakubishana. Alirudi Jumamosi iliyofuata, macho mekundu, akaweka karatasi moja mezani. "Soma kwanza, mama. Halafu ukikataa, nitaichana."

Evdokia alivaa miwani. Shairi lilikuwa lile lile, na huzuni yake ile ile, ila sasa lilipumua kwa Kiingereza. Herufi za mwanzo zilisoma Lemonia. Jicho lake, lililozoea hila za mtu huyu, likavuka ng'ambo ya pili likateremkia herufi za mwisho za mishororo. E, V, D, O. Akaweka kidole. K, I, A.

Kahawa ikafurika kwenye jiko, wala hakuna aliyeinuka.

"Hii haimo kwenye Kigiriki."

"Haiwezi kuwemo," Hester alijibu upesi. "Kigiriki hakina maneno ya kuishia na d, wala v. Huenda alitaka, lugha ikamkatalia. Kiingereza kinaruhusu."

"Nungunungu, mwanangu, usimsemee uongo marehemu. Hukumjua." Hakusema kwa hasira. "Majina mawili, herufi saba saba. Alilala na jina moja kichwani na jingine kitandani, na hakuwahi kuona kwamba yanalingana. Wewe umeona kwa wiki moja."

"Nilikuwa natafuta njia ya kuliokoa shairi."

"Najua ulichokuwa unatafuta." Akavua miwani. "Nitoe humo. Lichapishe alivyoliandika yeye, na chini uandike kwamba Lemonia ni mtu, si mti. Nimechoka kulinda uongo."

Hester akatikisa kichwa kukubali. Aliunyosha mkono auchukue ule ukurasa, machozi yakimlengalenga. Mishororo ile ilikuwa imemtoa jasho kuliko fumbo lolote alilowahi kutunga.

Evdokia akauwekea kiganja.

"Hii huchani," alisema. "Niliishi na mshairi maisha yangu yote, na leo ndiyo mara ya kwanza mtu amehangaika kunitafutia nafasi kwenye shairi."