Amiba kwa Mkono Wangu

Nimekaa masjala ya hospitali miaka kumi na tisa, na mtu asiniambie mwandiko wangu hausomeki. Unasomeka vizuri sana. Balaa lilianzia hapo hapo.

Asubuhi ile daktari wa matumbo, mwanamke mfupi asiyejua kucheka, alikuja kuchukua hesabu aliyoniagiza: wagonjwa wa vidonda vya utumbo mpana, mwaka kwa mwaka. Zamani walikuwa wawili, watatu, wote wameletwa wamebebwa, wanavuja damu. Mwaka jana peke yake, kumi na tisa. Na hawa wapya walikuja kwa miguu yao: damu kidogo, magoti yanauma, macho mekundu.

"Ugonjwa unaongezeka, tena unabadili sura," alisema. Kisha akaweka kidole kwenye rejista. "Hawa wa amiba mbona wanarudi mara tatu, mara nne? Majibu yao ya maabara yako wapi?"

"Mimi karani, mama, siyo mganga," nikamjibu kwa jeuri.

Lakini jibu nililijua. Rejista ile haikuwa na nafasi ya kuandika kwamba chanzo hakijulikani. Faili likisema mgonjwa anahara damu, basi, mimi nilijaza amiba, ukurasa ukamilike niende zangu. Mgonjwa akirudi, kadi mpya niliinakili kutoka humo humo. Daktari wa zamu akaisoma, akaandika vidonge vile vile.

Na Jumatatu nilikuwa nimejaza kadi ya mdogo wangu.

Nyumbani tunamwita Bonge, maana utotoni alikuwa na mashavu kama maandazi. Sasa sketi anaifunga kwa pini. Aliponiambia magoti yanamuuma, nilimcheka: "Umezeeka kabla yangu, wewe!" Alikuwa amelazwa mara ya nne, na saa sita angeruhusiwa. Saa ya ukutani ilionyesha sita kasoro dakika tano.

Nikisema, kazi sina. Nilifikiri hivyo, Mungu anisamehe, nikasimama nikifikiri hivyo dakika nzima. Halafu nikatoka mbio.

Kitanda chake kilikuwa kimeshatandikwa shuka jipya. "Shemeji yako kamchukua," muuguzi akasema. "Wamepitia dawa."

Nilimkuta kwenye dirisha la dawa, ameegemea ukuta, mumewe kambebea mkoba. Nilimpokonya pakiti ya vidonge mkononi.

"Dada, una wazimu?"

"Usimeze! Huna amiba. Mimi ndiye niliyeandika, hakuna aliyekupima!"

Foleni nzima iligeuka. Shemeji alinitazama kama ananiona mara ya kwanza. Daktari, aliyenifuata akihema, alimlaza Bonge kwenye benchi na kumbonyeza tumbo. Lilikuwa gumu, limejaa. Bonge alipiga ukelele ambao bado nausikia.

"Machela!" daktari akaita. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Angefika nyumbani, utumbo ungepasukia huko."

Nilikimbia kando ya machela hadi mlango wa chumba cha upasuaji, nikimwomba msamaha, nikimwambia wengi nimewaandikia hivyo hivyo, maneno hayapangiki. Bonge alinishika kidole.

"Nitakugombeza nikipona," akasema. "Dada, na wale wengine?"

Mlango ukafungwa.

Nilirudi masjala nikafungua rejista. Amiba, amiba, amiba, mwandiko safi kabisa. Waliorudi zaidi ya mara mbili walikuwa thelathini na wanne. Daktari hakunifukuza. Alinisogezea simu tu.

Namba ya kwanza ilikuwa ya fundi cherehani, miaka ishirini na sita, alirudi mara tano. Iliita sana.

"Nazungumza kutoka hospitali," nikasema. "Tunaomba mgonjwa arudi leo leo, kuna kosa kwenye kadi yake."

Upande wa pili alipokea mama mtu mzima.

"Kosa gani, mwanangu?" akauliza kwa upole. "Tulimzika mwezi uliopita."