Samaki Mkavu Juu ya Seva

Saa mbili na dakika ishirini asubuhi, zikiwa zimebaki dakika arobaini simu zifunguliwe, taa nyekundu ya seva iliwaka tena. Pyo Danbi aliitazama kama mgeni aliyeagwa mara tano na bado yuko mlangoni.

"Si umeshaifuta?" aliuliza Meneja Guk.

"Nimeifuta. Imerudi."

"Basi ifute tena! Kidole kinauma?"

Nyuma ya ukuta, kwenye matangi ya ushirika, kabichi elfu nne zilikuwa zimelala ndani ya maji ya chumvi tangu jana. Kabichi ikishaonja chumvi haimngoji mtu. Leo ipate mnunuzi, kesho ifike Seoul kwa bibi atakayeipaka pilipili iwe kimchi, achari ya majira yote ya baridi. Na mabibi hao usiwaambie habari za kuagiza mtandaoni, watakutukana. Wao hupiga simu. Mwaka jana mtambo wa zamani wa simu ulikata roho siku kama hii, mabibi wakahamia wilaya ya jirani, na kabichi za hapa Haenam zikaliwa na ng'ombe. Ndipo Danbi aliposimama mbele ya wanachama mia moja akasema: tununue seva mpya ya simu, nitaisimamia mimi, ikizimika nifukuzeni. Alisema kwa sauti kubwa, tena bila kuombwa.

Alifungua ukurasa wa tahadhari. Ilikuwa mistari miwili tu: feni ya pili imesimama, na joto limefika digrii sitini na nne. Likifika themanini, seva hujizima yenyewe. Akabonyeza "Futa". Feni ikajaribu kuzunguka, taa ikazimika, na akina mama sita waliokuwa kwenye meza za simu wakashangilia. Dakika nne baadaye ikawaka.

Meneja Guk alipitisha mkono juu ya bega lake akabonyeza "Futa zote". Ukurasa ukawa mweupe.

"Umeona? Mwenyekiti akija akute kumetulia."

"Meneja, umefuta taarifa, hujafuta tatizo. Ni kumfuta mtoto machozi huku umemkanyaga mguu!"

"Aigoo, mdomo huo! Ndiyo maana huolewi."

Danbi alikuwa ameshafungua historia, kwa sababu kilichofutwa kule mbele huku nyuma hubaki. Feni ya pili ilikuwa imesimama mara kumi na tisa. Mara ya kwanza ni Jumanne, saa tano na robo asubuhi. Kabla ya saa hiyo, hakuna hata tahadhari moja!

Jumanne saa tano walikuwa kwenye tambiko la kuibariki seva mpya. Kichwa cha nguruwe kilikaa mezani mbele ya seva, kikicheka, na ushirika mzima ukausujudia mtambo, Meneja Guk akisujudu mpaka suruali ikachanika. Mwishoni Mwenyekiti Ma Geumok mwenyewe akapanda kiti, akatundika juu ya kabati la seva samaki mkavu aliyezungushiwa uzi mweupe, ili mabaya yasipite.

Danbi alishika tochi akajibana nyuma ya kabati. Alipomulika, alipiga kelele.

"Nimemkamata! Meneja, njoo uone!"

Ncha ya uzi ilikuwa imening'inia kutoka kwa samaki, ikavutwa na feni, ikajisokota humo mzunguko juu ya mzunguko. Danbi alicheka peke yake, mwili mzima ukimsisimka. Kisha alishika mkasi, na kicheko kikakatika. Uzi ule ni maisha marefu. Anayeukata anakata miaka ya aliyeutundika, na aliyeutundika ana miaka sabini na mmoja.

"Mimi sijaona kitu," alisema Meneja Guk, akirudi nyuma hatua tatu.

"Hujaona nini?"

Mwenyekiti alikuwa mlangoni, viatu vya mpira vikichuruzika maji ya chumvi. Alimtazama samaki, akautazama mkasi. Akina mama wote sita wakainamisha vichwa.

"Danbi, mwanangu. Unataka kunifanya nini?"

"Mwenyekiti, sikati," alisema Danbi, akiuweka mkasi chini. "Lakini uzi umeingia kwenye feni. Joto ni sabini na tatu. Ukinifukuza nifukuze, ila kwanza nisaidie kuufungua."

Mwanamke yule aliingia mpaka kwenye kabati. Alivua glavu, akamshusha samaki, akachuchumaa sakafuni. Danbi akaichomoa feni kama droo, seva ikiendelea kunguruma, akamwekea mapajani. Vidole vilivyofunga kabichi miaka hamsini vikaanza kurudisha uzi nyuma, pole pole.

"Sabini na sita!" alipaza sauti Danbi.

"Usinipigie kelele, mimi si feni."

"Sabini na nane, Mwenyekiti! Zimebaki dakika tatu simu zifunguliwe!"

Fundo la mwisho lilikuwa limekaza kwenye mhimili na halikukubali ukucha. Mwenyekiti aliinua feni mpaka mdomoni, akauma uzi, akaukata kwa meno. Mtu mmoja akaguta.

"Mnashangaa nini?" alisema, akitema kipande. "Sabini na mmoja nimeshaila, hakuna wa kuninyang'anya. Hiyo iliyobaki nitaitumia wapi kabichi zikioza? Rudisha!"

Danbi aliirudisha. Feni ikavuma. Alibonyeza "Futa", taa ikazimika, na mara hii alihesabu joto likishuka, sabini na tano, sabini, sitini na sita, huku akimshika Mwenyekiti mkono bila kujua.

Saa tatu kamili simu zote zililia kwa pamoja. "Ndiyo bibi, Haenam hapa! Kabichi ngapi?" Chumba kikachemka. Danbi aligeukia seva: taa nyekundu ilikuwa inawaka.

Meneja Guk alikuwa ameshanyoosha kidole.

"Acha!" Danbi aliupiga mkono wake. "Kwanza tusome."

Akasoma kwa sauti, na alipofika katikati akaanza kucheka: "Tahadhari. Laini zote thelathini zimejaa, pamoja na za foleni. Wanaopiga ni wengi kuliko nafasi."

Mwenyekiti alivuta kiti akaketi mbele ya taa, samaki akiwa mapajani.

"Hiyo asiifute mtu," alisema. "Niacheni niitazame."