Alama za Njumu

Mtunza kiwanja alikuwa amepiga magoti mbele ya lango la kusini, akitia kidole gumba kwenye mashimo yaliyoachwa na njumu za mshambuliaji mpya. Mguu wa kulia ulikuwa umezama vizuri. Wa kushoto uligusa udongo tu, ukakimbia. Akasogea hatua tano, akapima tena; mambo yale yale. Alikuwa amemwagilia alfajiri, na udongo uliolowa haujui kutunza siri ya mtu.

"Wanauziwa mbuzi kwenye gunia," alimwambia mkewe kwenye simu. "Na wanamlipia kwa kiwanja changu."

Kilikuwa chake kwa jasho, si kwa hati. Miaka ishirini na miwili alikipanda, akakikata, akapigana na mchwa wake, hadi watu wakamwita Bwana Nyasi hata msibani. Sasa klabu, yenye washambuliaji wanne wanaokalia benchi hadi bukta zinang'aa, ilitaka wa tano. Ili kumnunua, mwenyekiti alikuwa anauza kiwanja hiki cha mazoezi. Mkataba wa mchezaji ungesainiwa saa sita mchana.

Alimkuta mwenyekiti kivulini, chini ya jukwaa, pamoja na wakala wa mchezaji, mtu wa tabasamu jingi na viatu visivyojua matope.

"Mwenyekiti, samahani. Huyu kijana hakanyagii mguu wa kushoto. Njoo uone mwenyewe."

Wakala akacheka. "Siku hizi hata wakata nyasi ni madaktari?"

"Mimi si daktari. Ila chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na wewe mwanangu umetembea sana wiki hii."

Mwenyekiti alimshika bega, akamvuta kando.

"Goti nalijua," alisema polepole. "Limepasuliwa mara mbili. Lakini uchaguzi wa klabu ni mwezi ujao, mzee wangu. Wanachama wanataka jina kubwa. Atacheza mechi tatu, atafunga bao moja, watanibeba mabegani. Mengine tutayaona huko mbele."

"Na kiwanja?"

"Nyasi huota popote."

Bwana Nyasi alimchukia. Angekuwa mjinga angemsamehe, maana mjinga huelimishwa. Huyu alijua, na alikuwa amevaa miwani ya mbao kwa hiari yake. Mate yalimjaa mdomoni. Akayameza, kwa sababu walikuwa wamesimama juu ya nyasi, na hajawahi kutema mate pale.

Aliporudi langoni alimkuta mshambuliaji amekaa chini, skafu ya klabu shingoni, akisugua goti huku akisubiri kuitwa kwenye picha.

"Umeona, mzee?"

"Nimeona."

"Hii klabu ya nne. Wote waliangalia video zangu. Hakuna aliyewahi kuniangalia miguu." Akainamisha kichwa. "Ukiwaambia, nimekwisha. Sina kazi nyingine ninayoijua."

"Nimeshawaambia. Wanajua."

Kijana alimkodolea macho. Ilionekana wazi kwamba angeona afadhali kama angekuwa amewadanganya.

"Inuka," mzee alisema. "Hapo pamelowa, utalowa na wewe."

Kijana akaondoka akichechemea, na karibu na jukwaa akajikaza, akatembea sawasawa. Makofi yakapigwa. Kamera zikawaka.

Makofi hayajaisha, geti la nyuma likafunguliwa, akaingia mpima ardhi, mwanamke mpole mwenye kofia pana na utepe mrefu wa kupimia begani. Alisalimia kwa heshima. Msaidizi wake alikuwa ameugua, akaeleza, na mwenye kununua alitaka vipimo leo hii.

"Baba, nishikie ncha hii hapo penye bendera ya kona, tafadhali."

Bwana Nyasi aliipokea. Mwanamke akaenda kinyumenyume kuelekea kona ya pili, utepe ukikunjuka mbele yake, ukalala juu ya majani aliyoyakata jana. Akafika, akachuchumaa, akainua mkono.

"Vuta, baba! Kaza nisome!"

Mzee hakuvuta. Aliishika ncha kwa vidole viwili tu, na utepe ulikuwa bado umelala juu ya nyasi.