Maua Meupe ya Hainbrück

Nkirote alikuwa ameshavua viatu. Babu yake, Gerishon, alimwona kwa mbali, ng'ambo ya kioo, akiviweka kwenye trei pamoja na mkanda na simu, wenzake kumi na mmoja wakisukumana nyuma yake. Mzee akainua mkono. Mtoto hakugeuka. Foleni ikammeza.

"Basi, wameenda," akasema Domnic. "Twende tunywe chai. Ndege inaruka saa tisa na nusu, na mimi siondoki hapa haijaruka. Mke wangu Anita akiniuliza, nataka nimjibu nimeiona kwa macho yangu."

Domnic alikuwa Mgoa wa Nairobi, karani mstaafu, siku hizi mkazi wa Mississauga. Melissa, mjukuu wake, alikuwa darasa moja na Nkirote. Domnic ndiye aliyemleta Gerishon uwanjani kwa gari, maana Bosibori, mama yake Nkirote, alikuwa zamu hospitalini.

Watoto walikuwa wanakwenda kukaa miezi mitatu kwa familia za Kijerumani, katika mji mdogo uitwao Hainbrück. Na kama kulikuwa na mtu Toronto nzima aliyeujua Hainbrück, alikuwa Gerishon. Aliosha masufuria huko, jikoni mwa hoteli moja, tangu mwaka wa sabini na tisa, karibu miaka mitatu, kabla hajaenda Rotterdam, kisha Halifax, kisha kokote alikosikia kuna kazi. Mwalimu Derek alipopata habari hiyo, akamwomba aje shuleni, pale Parkdale, awaeleze watoto historia na desturi za mji. Gerishon hakuwa amewahi kuombwa kitu kama hicho maishani mwake. Akanunua tai. Akaandika kurasa nne kwa mkono, Bosibori akazichapa, kila mtoto akapewa zake.

Zilikuwa kurasa nzuri. Zilieleza jinsi mji ulivyojengwa kwa chumvi iliyochimbwa chini ya kilima, na jinsi chumvi hiyo ilivyojenga ukuta wenye milango mitatu. Mlango wa kusini uliungua vitani na haukujengwa tena, lakini wenyeji bado wanakuambia "tukutane Mlangoni", na wewe mgeni unasimama pale kwenye nafasi tupu unatafuta mlango. Jumapili usipige msumari, wala usitupe chupa kwenye pipa la chupa, jirani atatoka. Ukialikwa saa kumi, ni saa kumi, si na robo. Na siku ya kwanza kuingia nyumba ya mtu, mpelekee mama wa nyumba maua meupe ya chungu, yale yanayojaa madukani vuli ikianza. Kila nyumba huyanunua.

Domnic alizitoa kurasa hizo mfukoni, chai ikiwa bado ya moto. Melissa alikuwa amemwachia nakala. Akasoma kwa sauti, akacheka penye chupa, akacheka penye mlango. Halafu akaacha kucheka.

"Haya maua ni yapi, bwana?"

"Meupe. Yana vijani vyembamba vingi, yamejaa kama mpira. Yanauzwa na chungu chake."

"Gerishon." Domnic aliweka kikombe chini. "Novemba ya mwaka juzi tulimzika dada yake Anita kule Munich. Makaburi yote yalikuwa meupe kwa maua hayo. Nikanunua chungu kimoja nimshukuru mwenyeji wetu. Mpwa wangu alininyang'anya mlangoni. Akaniambia, haya ni ya wafu, hayapelekwi kwa mtu anayepumua."

"Munich ni Munich. Hainbrück ni kwingine."

"Wafu ni wafu, Mzee."

"Wewe ulikaa Ujerumani siku ngapi?"

"Tisa."

"Mimi karibu miaka mitatu!"

"Jikoni," akasema Domnic.

Gerishon alizivuta kurasa upande wake, akapatafuta penye maua. Aliyemjia akilini ni Frau Lütke, mama mwenye nyumba aliyempangisha chumba. Oktoba ya mwaka wa themanini na moja mumewe alikuwa amelazwa. Gerishon alikuwa akiwaona kina mama kwenye basi kila vuli, kila mmoja na chungu chake magotini, akajiambia, kumbe hata hawa hawaendi kwa watu mikono mitupu, kama kwetu Meru. Akanunua chungu kikubwa kuliko vyote dukani. Frau Lütke alikipokea akalia. Yeye akadhani ni furaha. Alhamisi mume akafa, na mwisho wa mwezi mama yule akamwambia ahame, bila kutoa sababu. Kwa miaka arobaini na zaidi Gerishon alikuwa akisimulia kisa hicho kuonyesha jinsi Wazungu wasivyotabirika.

Akatoa simu mfukoni. Maana mwenyeji wa Nkirote, Frau Kessler, alikuwa akitibiwa saratani. Alimwandikia mtoto mapema, asije akashtuka kuona kichwa hakina nywele. Nkirote alikuja kwa babu yake na barua ile. "Nimnunulie makubwa kabisa, Babu?" aliuliza kwa Kiingereza chake cha shule. Naye alimjibu, makubwa kabisa.

Akapiga simu ya Nkirote. Imezimwa. Akapiga tena. Imezimwa. Akampigia Derek, aliyekuwa akisafiri na watoto; ikaita mpaka ikakata, akaacha ujumbe wa sauti alioanza kwa Kiingereza na kuumaliza kwa Kiswahili. Ubaoni ikaandikwa kuwa abiria wanaingia.

Bosibori alipokea mara ya tatu.

"Baba, niko wodini. Nini? Ameanguka?"

"Hajaanguka. Ni yale maua."

"Maua gani?"

Akamweleza. Kule upande wa pili mashine ya mgonjwa fulani ilikuwa ikilia.

"Nilikuuliza, Baba. Nilipokuwa nachapa nilikuuliza, una hakika? Ukasema mji ule unaujua nje ndani."

"Nilisema."

"Nakutumia namba ya huyo mama. Mpigie wewe. Kijerumani ni chako."

"Huko ni saa tatu usiku, Bosibori. Na mtu ni mgonjwa."

"Basi mwache mwanangu akampelekee ya kaburini." Akakata.

Gerishon alisogea dirishani, mbali na Domnic. Kijerumani chake kilikuwa cha jikoni: maji moto, haraka, sufuria kubwa, samahani. Simu iliita mara mbili tu.

"Mtoto amepatwa na nini?" sauti ya mwanamke ikauliza mara tu aliposema yeye ni nani.

"Hajapatwa na kitu. Mimi babu. Kesho atakuletea maua. Meupe, ya chungu. Makubwa. Yeye hajui. Kosa langu."

Televisheni ikapunguzwa sauti.

"Nani alikuambia tunawapelekea watu maua hayo?"

"Hakuna. Niliona kina mama kwenye basi."

"Walikuwa wanakwenda makaburini, bwana."

"Nimejua leo."

"Leo?"

"Sasa hivi. Nusu saa."

Alisikia kitu, hakujua ni kicheko au kikohozi. Akailegeza ile tai shingoni.

"Vizuri umepiga," akasema Frau Kessler mwishowe. "Ningefungua mlango nikiwa peke yangu."

Alipogeuka, Domnic alikuwa amebandika paji la uso kwenye kioo. "Ile pale! Inaruka!"

"Ile si yao," akasema Gerishon. "Yao ina mkia wa buluu."

Yaliyofuata ni haya. Derek aliusikia ujumbe baada ya kutua, akawaambia watoto wakiwa kwenye treni. Tisa walinunua chokoleti. Watatu walikuwa wameshanunua maua uwanjani, Nkirote na Melissa wakiwamo. Melissa aliyabeba hivyo hivyo, na mwenyeji wake akayapeleka kwenye kaburi la mama yake. Nkirote aliyaacha ndani ya treni akafika mikono mitupu, na hakuongea na babu yake kwa wiki tatu. Frau Kessler alimaliza matibabu Januari. Yuko hai, na huandikiana na Nkirote. Mwaka uliofuata shule ilimwita mtu wa makumbusho ya Hainbrück azungumze na watoto kwa kompyuta. Gerishon alimwandikia Frau Lütke. Manispaa ikajibu kuwa alifariki mwaka wa tisini na nne. Domnic alifanyiwa upasuaji wa goti. Bosibori alihamishiwa wodi ya watoto. Mwezi wa tano Gerishon alihamia Edmonton kwa mwanawe mwingine, Sam, na sasa analinda ghala la mbao siku za Jumamosi.